Mtoto Ambaye Fomu Ilimkataa

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini za jioni. Nilikuwa nimetoka shuleni, nimekaa kwenye kiti cha plastiki hapo nje ya mlango, nusu ya mkate mkononi, na nilikuwa nimejiahidi kwamba mpaka Jumatatu sitaongea na mtu yeyote asiyeishi nyumbani kwetu. Huwa najipa ahadi kama hizo. Wiki nzima darasani watu wanakutazama, mwalimu anakuuliza swali, unajibu kwa sauti ya panya, wanasema "ongeza sauti", unaongeza, inatoka kama ya panya mgonjwa. Ikifika Ijumaa nimechoka kutazamwa.

Geti likafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mama katibu wa kikundi cha kina mama wa mtaa wetu. Laptopu ya kikundi alikuwa ameifunga kwa kitenge, akaibana ubavuni kama kuku anayepelekwa sokoni.

"Weye mutoto," akasema kabla ya salamu, "mashini yako iko nakataa mutoto wa watu!"

Mama katibu alikulia Goma. Kiswahili chake kinakwenda mbio, na akikasirika kinakwenda mbio zaidi. Mama yangu alikulia Tanzania, upande wa Karagwe, ndiyo maana hata mimi niliyezaliwa hapa Kigali naandika Kiswahili vizuri kuliko Kinyarwanda. Kina mama wa mtaa wetu wengi wako hivyo, kila mmoja alikulia upande wake, na wakikaa pamoja wanaanza na Kinyarwanda, lakini utani ukikolea Kiswahili kinaingia chenyewe na hakitoki tena. Ndio waliounda kikundi. Kazi yake ni moja: mwanamke akijifungua, wanakwenda kumhemba. Yaani wanampelekea uji wa moto, maziwa, sabuni, nguo za mtoto, wanakaa naye, wanamchekesha. Kwetu mzazi asiyehembwa ni kama hajazaa. Hakuna anayeyasema maneno hayo mbele yake, lakini yeye mwenyewe anajihisi hivyo.

Mimi ndiye niliyewatengenezea hifadhidata. Nipo mwaka wa tano wa sekondari, nasoma kompyuta, na mwalimu alituambia kila mmoja atafute watu halisi wenye shida halisi. Wenzangu walikwenda kwenye maduka na saluni. Mimi sikuweza kuingia dukani kwa mtu na kumwambia habari zangu, kwa hiyo nilichukua shida iliyokuwa sebuleni kwetu kila Jumapili: kina mama wakigombana nani amehembwa mara mbili na nani amesahauliwa. Nikatengeneza fomu. Jina la mama, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya baba, mahali anapokaa. Pembeni ya kila kisanduku cha lazima nikaweka nyota nyekundu. Chini kabisa, kitufe cha Hifadhi.

Nikiri jambo: niliipenda ile fomu. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima "hapana". Fomu yangu iliweza. Ukiacha kisanduku kitupu, inakusimamisha pale pale, haioni haya, haitazami chini.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Inakataaje?"

"Minaandika yote. Jina la mama, tarehe, njia, yote. Nabonyeza. Inaniletea kibao na msalaba mwekundu na Kizungu chake. Nabonyeza sawa. Inafuta yote! Naanza tena. Tangu siku ya pili, Jumanne yenu, niko napigana nayo. Jana kibao kikaondoka, nikasema aksanti Mungu, imeingia. Kumbe! Leo mwenyekiti ametoa orodha ya kesho, nasoma, nasoma, huyu mama hayumo."

"Mama yupi?"

Akakaa. Sauti ikashuka.

"Ule wa Kinyinya. Ule wa Bujumbura."

Nilimkumbuka. Nilimwona mara moja kanisani, tumbo kubwa, amekaa peke yake mwisho wa benchi. Mumewe ni fundi ujenzi kwenye zile nyumba mpya za Kinyinya, na walihamia hapa si zamani. Hana dada hapa, hana shangazi, na mama yake mzazi alishindwa kusafiri. Alijifungua Jumamosi iliyopita. Kwa hiyo kesho ilikuwa siku ya nane, siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Na siku hiyo wanahitajika watoto. Wanakaa kwenye mkeka, wanalishwa, na kila mmoja anasema jina analompendekezea mgeni. Ndivyo inavyofanyika kwetu, hata kama mwishoni baba ndiye anayechagua.

"Ameniambia kwa simu," mama katibu akasema, "amepika maharage tangu leo. Akaniuliza, 'Mama, mtakuja wangapi, niazime sahani?' Nikamwambia azime nyingi. Sasa hayumo kwenye orodha. Atakaa na sahani za watu na hakuna mutu."

Sheria ya kikundi niliijua, maana ilipigiwa kura sebuleni kwetu. Baada ya ugomvi mmoja mkubwa, ambao ulifanya mwanachama mmoja ahamie kikundi kingine na sufuria zake, walikubaliana: anayehembwa ni yule aliye kwenye kompyuta, basi. Hakuna cha huyu jirani yangu, huyu nasali naye. Mwenyekiti aliishika sheria hiyo kama funguo za nyumba. Na saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo angepita kwetu kuchukua chupa za uji na kuwapangia watu safari za kesho.

Nikafungua laptopu. Nikajaza habari za mama wa Kinyinya. Kwenye jina la mtoto nikasimama, nikamtazama mama katibu.

"Hapa uliandika nini?"

"Bado."

Nikaelewa kila kitu.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimepitia kumbukumbu zote ili nizisafishe, kwa sababu mwalimu alikuwa amesema wiki ile kwamba hifadhidata yenye takataka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Nikakuta watoto wa mtaa wetu wanaitwa Bado. Bado, Bado, Bado, halafu mmoja Hana, mmoja Sijui, na mmoja nukta tu. Nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika. Niliona ni uvivu. Nikaongeza kanuni: jina lisipungue herufi tatu, na maneno kama bado, hana, sijui yakataliwe. Nikajiona fundi kweli. Sikumuuliza mtu hata mmoja kwa nini wameandika hivyo, kwa sababu kuuliza kungenilazimu kuongea.

Na mimi si mgeni. Nimekaa kwenye mikeka hiyo tangu utotoni, nimekula maharage hayo, nimependekeza majina ya ajabu ajabu. Najua vizuri kwamba mtoto wa siku tatu hana jina. Lakini nikikaa mbele ya kompyuta nageuka mtu mwingine, mtu aliyezaliwa ndani ya kitabu cha shule, ambako kila mtu ana jina tayari.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeizuia."

Mama katibu akanitazama, halafu akacheka mpaka kitenge kikaanguka. "Kwa hiyo kibao kile ni weye? Weye usiyesema hata shikamoo ikasikika, ndiye unanifokea mimi wiki nzima?"

Mama yangu akatoka jikoni, mikono ina unga wa ulezi, kutaka kujua kinachochekesha. Tukamweleza. Akacheka na yeye, lakini akaitazama saa.

"Basi ondoa tu hiyo lazima," akasema. "Ondoa zote. Mtu aandike anachojua."

Nikaanza kuziondoa. Ilikuwa rahisi, unagusa tu alama kwenye kila kisanduku. Nilikuwa nimefika kwenye mahali anapokaa, mama yangu akanishika bega.

"Subiri. Hiyo hapana. Umesahau siku ile?"

Siku ile, kabla ya fomu, walipewa jina la mzazi bila maelekezo, wakazunguka Ndera nzima na uji ukapoa, na mwishowe wakaunywa wenyewe pembeni ya shamba la mtu.

"Ile uji ilikuwa tamu," mama katibu akasema.

"Tamu kwako! Mimi ndiye niliyeupika."

Kwa hiyo haikuwa suala la kuondoa au kuweka. Ilikuwa kujua kipi, kikikosekana, mzazi hafikiwi. Nikageuza kiti, nikawauliza. Mama katibu akajifanya mzazi: akajilaza kwenye kochi, akakumbatia mto kama mtoto, akalegeza macho.

"Mzazi," nikasema, "baba mtoto ana simu?"

"Iko na simu, lakini yeye iko juu ya ghorofa anapanga matofali. Hashiki."

"Nani anashika?"

"Jirani. Yule anauza makaa."

Basi namba ya simu ya baba ikafa. Badala yake nikaandika: namba ya mtu yeyote atakayetupokea. Hiyo lazima.

"Ulijifungua lini?"

"Weye, hiyo naweza kusahau?"

Lazima. Bila tarehe hatujui siku ya nane, na bila kujua siku ya nane tunaweza kufika sherehe imekwisha.

"Unakaa wapi?"

"Kinyinya, chini ya ile nyumba ya rangi ya machungwa haijapigwa madirisha, uliza muuza makaa."

Lazima, na kisanduku nikakirefusha, maana kwetu anwani ni hadithi, haitoshi kwenye mstari mmoja.

"Na mtoto anaitwa nani?"

Mama katibu akaufunika mto kwa kitenge. "Hilo," akasema polepole, sasa bila mchezo, "uniulize kesho kutwa."

Na hapo ndipo nilipopata furaha ambayo sijui nitaielezaje kwa mtu asiyefanya kazi hizi. Niliona kwamba fomu inaweza kujua jambo hilo. Tarehe ya kuzaliwa iko pale pale, kisanduku cha jirani. Nikaandika kanuni: kama siku ya nane haijapita, jina la mtoto si lazima, na nyota nyekundu isionekane kabisa. Ikishapita, nyota inatokea, na fomu inauliza. Mistari michache tu. Nilipoijaribu ikafanya kazi mara ya kwanza, na jambo hilo halijawahi kunitokea maishani. Nikapiga makofi. Mimi! Mama yangu akageuka kuona nani amepiga makofi.

Yakabaki maonyo. Nikayatoa yale ya Kiingereza yaliyokuja na programu, nikaandika yangu. Kwenye maelekezo nikaandika: KOSA! HUJAJAZA MAHALI!

Mama yangu akasoma juu ya bega langu. "Mbona unamfokea? Nani kakosa? Mama wa watu ametoka kazini, amechoka, anaandika kwa kidole kimoja, na wewe unampigia kelele kwa herufi kubwa."

"Ni kompyuta, mama."

"Kompyuta gani? Maneno ni yako."

Nikafuta. Nikaandika: Mama, bado hujatuambia njia ya kufika kwake. Mama katibu akasema hiyo sasa ina adabu. Kwenye simu: Tumpigie nani tukipotea? Kwenye tarehe nikaweka kwamba ikiwa ya mbele, fomu iseme: Huyu mtoto hajazaliwa. Angalia mwaka. Halafu nikarekebisha lile lililomuumiza mama katibu kuliko yote: onyo likitokea, ulichokwisha kuandika kibaki, na kishale kiende chenyewe kwenye kisanduku kinachodai, kikisubiri na rangi yake nyekundu hafifu. Na kama vitatu vimekosekana, vitajwe vyote kwa pamoja, si kimoja leo, kingine ukibonyeza tena.

"Sasa jaribu kuiharibu," nikamwambia mama katibu.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaandika namba ya simu ya herufi. Akaandika kwamba mtoto amezaliwa mwaka ujao, fomu ikamwambia huyu mtoto hajazaliwa, akajipiga paja kwa kicheko akamwita mama aje asome. Akaandika mahali: pale. Neno hilo tu, "pale". Fomu ikakubali. Tukatazamana. Nikaongeza mstari mdogo wa kijivu chini ya kisanduku: taja kitu kinachoonekana ukiwa barabarani. Sikuizuia "pale". Nilikuwa nimejifunza kidogo kuhusu kuzuia.

Mwisho tukamwandika mama wa Kinyinya. Jina la mtoto likaachwa wazi. Nikabonyeza Hifadhi, na pakatokea maneno ya kijani: Ameingia. Asante, mama. Mama katibu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akanitikisa kama mti wa embe.

Na geti likagongwa. Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni mama mrefu, alikulia Uganda, na Kiswahili chake ni kifupi na safi kama chumba cha mgeni. Alikuwa na karatasi mkononi, tayari imechapishwa. Akapewa maji, akanywa yote, akaweka bilauri.

"Chupa ziko tayari?"

"Ziko tayari," mama yangu akasema. "Ila kuna mmoja ameongezeka. Wa Kinyinya. Kesho ni siku yake."

"Orodha imefungwa mchana."

"Mwenyekiti, huyu hana mutu," mama katibu akaanza.

"Wote mnaniambia hivyo. Kila Ijumaa kuna mmoja hana mtu. Tulisema nini? Aliye kwenye kompyuta. Nikifungua kwa huyu, kesho kutwa nitafungua kwa binamu yako."

Kwa kawaida, mwenyekiti akija, mimi huwa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenda huko. Nilikuwa na mkono kwenye pazia la mlango. Halafu nikamfikiria yule mama akihesabu sahani za kuazima, na nikajua kwamba hao wawili wanaweza kumbembeleza mwenyekiti mpaka kesho asubuhi wasifike popote, kwa sababu walikuwa wanaomba huruma, na yeye huruma anaiogopa. Alichohitaji kusikia nilikuwa nacho mimi peke yangu.

"Mama," nikasema.

Hakusikia.

"Mama mwenyekiti!" Ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wote watatu wakageuka. Masikio yakaniwaka moto. "Hakuchelewa. Aliandikwa tangu Jumanne, tena mara nyingi. Fomu ndiyo iliyomkataa. Na fomu niliiambia mimi imkatae. Nilisema mtoto asiye na jina asiingie."

"Asiye na jina?" Akakunja uso. "Wa siku tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa, na unataka jina siku ya tatu!" Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kujisahau upande mmoja. "Nionyeshe."

Akakaa kwenye kiti changu. Nikasimama nyuma yake. Akaandika mzazi wa uongo, kwa makusudi akaruka maelekezo na simu, akabonyeza. Fomu ikamwambia: Mama, bado hujatuambia njia ya kufika kwake. Tumpigie nani tukipotea?

Akaisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti. "Hii inaongea kama mkamwana wangu," akasema. "Inakudai huku imepiga magoti." Na akacheka. Sijawahi kumwona mwenyekiti akicheka. Ana mwanya mzuri sana.

Akashuka mpaka kwa mama wa Kinyinya, akasoma tarehe, akasoma hadithi ya nyumba ya rangi ya machungwa. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akamwongeza chini ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe.

"Yumo," akasema. "Lakini watu wangu wote wa kesho nimewagawa. Nusu wako Kibagabaga kwa yule wa mapacha. Hawa wawili," akamwonyesha mama yangu na mama katibu kwa kidevu, "watakwenda Kinyinya, ila wanawake wawili na chupa si sherehe ya jina. Watoto wako wapi? Nani atawakusanya?"

Nikajua jibu kabla hawajanitazama.

"Kesho si Jumamosi ya umuganda, hakuna kazi za mtaa," mwenyekiti akasema. "Watoto wako nyumbani wanacheza. Wewe wa hapa, si unajua mageti yote?"

Nayajua. Nayapita kila siku nikiwa nimeinamisha kichwa.

Usiku nililala vibaya, nikifanya mazoezi ya sentensi moja. Asubuhi niliamka kabla ya mama. Nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kwenye geti la kwanza, nikagonga. Akatoka baba wa nyumba, mswaki mdomoni. Nikasahau sentensi yote. Nikasema, "Shikamoo, naomba watoto."

"Wangapi?" akauliza, kama mtu anayeombwa chumvi.

"Wote."

Akacheka, akapiga kelele ndani, wakatoka watatu, mmoja na kiatu cha mguu mmoja tu. Geti la pili nikaanza kwa kueleza. Geti la tatu sikuhitaji kugonga, maana habari ilikuwa imetangulia, na watoto walikuwa wananisubiri juu ya ukuta wakiuliza kama kuna nyama. Niliwaambia kuna maharage. Mmoja akajiondoa. Baada ya hatua chache akarudi.

Tulipoteremka njia ya vumbi kuelekea Kinyinya tulikuwa msafara. Mama yangu na mama katibu walikuwa nyuma na chupa za uji, wakipumzika kila mahali penye kivuli na kuteta. Nyumba ya machungwa tuliiona mbali. Muuza makaa alituona na yeye, hakungoja tuulize, akanyoosha mkono mweusi kuelekea mlango wa bluu. Nikageuka kuwangoja wakubwa. Walikuwa bado kwenye kona, kicheko cha mama katibu kinasikika, watu hawaonekani. Watoto walikuwa wameshanizunguka mbele ya mlango. Nikabisha.

Akafungua mwenyewe. Alikuwa amevaa vitenge vipya, kimoja kiunoni na kimoja kichwani, na mtoto mkononi. Nyuma yake niliona mkeka umetandikwa na sahani zimepangwa, na mkeka ulikuwa mtupu. Akanitazama mimi, halafu akatazama chini, akaona vile vichwa vyote.

"Yambo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kama yangu.

"Tumekuja kumpa mtoto jina," nikasema, wala sikuambiwa niongeze sauti.

Aliweka mkono mdomoni. Halafu akasogea pembeni, akasema, "Ingieni, ingieni, wanangu, karibuni muingie," na watoto wakaingia kama maji.

Mumewe alitoka chumba cha ndani, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akashangaa, akaanza kuwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, kama wageni kutoka mbali. Wakubwa wakafika na uji. Mtoto akatolewa nje, akaonyeshwa jua, akapiga chafya, tukashangilia chafya. Tukarudi ndani. Watoto wakala kutoka sinia moja, na majina yakaanza: mmoja akampa la mchezaji mpira, mmoja la mbwa wao, mmoja akampa lake mwenyewe, akasema yeye halimfai. Kila jina mama mzazi alilirudia masikioni mwa mtoto, kwa heshima ile ile, hata lile la mbwa.

Ilipofika zamu yangu nilisema langu. Lilisikika mpaka mlangoni, kwa sababu mama katibu aliyekuwa amesimama hapo aliitikia, "Zuri!" Baba hakulichagua. Alichagua lake, la shukrani, nasi tukalipigia makofi mpaka mtoto akalia.

Baadaye mama mzazi alitaka kutoka nje kumpelekea muuza makaa sahani yake. Alifika mlangoni akasimama na sahani mkononi, akaangua kicheko.

"Jamani, nitapita wapi? Viatu vimejaa mpaka nje!"

Nikainuka kwenye mkeka, nikachuchumaa kizingitini, nikaanza kuvipanga viwili viwili kando ya ukuta ili apite.